Nuru ya Kughushi

Najua watakuwapo watakaouliza: historia gani hii isiyokuwa na mfalme wala vita? Shuleni tulifundishwa kwamba historia ni Mirambo, ni Maji Maji, ni wale wakubwa waliokaa Berlin mwaka 1884 wakaligawana bara kama andazi. Sina ugomvi na hayo. Ila mimi, ndugu msomaji, riziki yangu naipata kwenye kompyuta, katika steshenari moja ya Manzese, ambako tunatengeneza kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili na ya Maulidi, fulana za msiba na kalenda za ukutani. Na kila siku iendayo kwa Mungu mteja huja na ombi lile lile, awe mchungaji, awe mwenyekiti wa kamati ya harusi, awe kijana wa singeli. Husema: "Kaka, fanya iwake." Herufi ziwake. Msalaba uwake. Bibi harusi awake.

Basi nikajiuliza, ni nani hao walioifundisha kompyuta kuwasha kitu kisichokuwa na moto? Nikaanza kusaka, kidogo kidogo, na niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze na jambo lenyewe. Karatasi haiwaki. Weupe wake ndio kikomo chake, hata uisugue na sabuni. Kioo cha kompyuta nacho, ingawa kina taa yake, kina kikomo: katika picha za kawaida kila pikseli hupewa namba tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, na kila namba huanzia 0 na kuishia 255. Zikifika 255 zote tatu, umefika kwenye weupe, na mbele ya hapo pana ukuta. Jua la saa sita mchana ni 255. Shati la mtoto wa shule lililofuliwa vizuri nalo laweza kufika huko huko. Sasa utamwonyeshaje mtu kwamba hili ni jua na lile ni shati?

Jibu liko jichoni. Nenda ufukweni usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wanapotoka na karabai zao. Taa yenyewe si kubwa, lakini wewe huioni ilivyo: waona duara la nuru limeizunguka, na miale inachomoza kama kope. Sehemu ya duara lile ni unyevu wa hewani. Sehemu nyingine haiko baharini hata kidogo, imo ndani ya jicho lako mwenyewe, kwa sababu nuru kali ikiingia hutawanyika ndani ya mboni na lenzi yake ikawamwagikia majirani. Mwaka 1995 Greg Spencer na wenzake Peter Shirley, Kurt Zimmerman na Donald Greenberg walitoa makala ya kitaalamu iliyoonyesha namna ya kuukokotoa mtawanyiko huo na kuutia kwenye picha za kompyuta. Ubongo wetu umezoea tangu utotoni kwamba penye duara lile pana nuru kali. Kwa hiyo asiyeweza kuleta nuru huleta duara, na ubongo hudanganyika wenyewe bila kulipwa. Ndiyo siri yote. Kilichobaki ni habari ya jinsi watu walivyolitengeneza duara.

Wachoraji nitawapita haraka, maana wao wana vitabu vyao. Walikuwapo waliobandika jani la dhahabu nyuma ya vichwa vya watakatifu, na wachoraji wa Uajemi waliowazungushia mitume ndimi za moto. Lakini nisimame kwa mmoja, Mfaransa Georges de La Tour, aliyefariki mwaka 1652. Yumo kwenye jumba la makumbusho la Louvre na mchoro wake wa Yosefu seremala akiwa kazini, mtoto amemshikia mshumaa. Mtoto ameukinga ule mshumaa kwa kiganja, na nuru inapita katikati ya vidole hata nyama ya vidole inaonekana nyekundu. Angalia alichofanya: hakuongeza weupe. Alilitia giza kila kitu kingine. Mwekee alama mzee huyu, nitamhitaji tena huko mbele.

Zikaja picha za kamera. Filamu za mwanzo ziling'aa zenyewe bila kuombwa: nuru kali ilipenya filamu, ikagonga upande wa nyuma, ikarudi na kuchora duara pasipotakiwa, mpaka viwanda vikaanza kupaka nyuma ya filamu rangi ya kuinyonya. Halafu, binadamu alivyo, akishaondolewa kasoro huanza kuitamani. Wapiga picha wakawa wanapaka vaselini kwenye kioo kilicho mbele ya lenzi ili sura za waigizaji wa kike zipate ulaini. Vaselini ile ile ya kwenye kopo, bwana, ya kupaka miguu.

Katika miaka ya 1980 Mkanada mmoja, Michael Orton, alibuni njia yenye akili zaidi. Alipiga slaidi mbili za mandhari moja, zote kwa nuru nyingi kupita kiasi. Moja ilikuwa kali, kila jani linahesabika. Nyingine aliivuruga fokasi kwa makusudi, ikawa ukungu mtupu. Kisha akazipandanisha ndani ya fremu moja. Slaidi kali ilitoa mistari, slaidi ya ukungu ilitoa duara. Msitu ukaonekana kama umeota ndoto. Msomaji anayejua kompyuta ameshatambua: hizo ni leya mbili, kabla hatujawa na leya.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye sinema ya Tron ya mwaka 1982, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hukosea. Kila kijana akitazama zile nguo zenye mistari ya nuru husema, "Hiyo ni kompyuta." Wapi! Picha za kompyuta tupu ndani ya sinema ile ni kama dakika 15 hadi 20. Nguo zinazowaka ni kazi ya mikono. Mwongozaji, Steven Lisberger, aliwapiga waigizaji wake kwa filamu pana ya rangi nyeusi na nyeupe, wamevaa mavazi yenye mistari. Kila fremu, na sinema ina fremu 24 kwa sekunde, ilikuzwa ikawa karatasi kubwa ya filamu inayopitisha nuru. Mafundi wakaziba kwa wino kila mahali pasipotakiwa kuwaka, kazi nyingine ikapelekwa mpaka Taiwan. Kisha fremu ikalazwa juu ya meza yenye taa chini yake, ikapigwa picha tena: mara moja kwa ajili ya sura, mara nyingine kwa ajili ya mistari, mara nyingine kwa ajili ya macho, kila mara kwa kipande cha plastiki chenye rangi. Nuru iliyotoka chini kupita mwanya mwembamba ilimwagika pembeni yenyewe. Duara lile, basi, lilikuwa nuru ya kweli.

Kuna kisa kimoja humo nakipenda kuliko sinema yenyewe. Filamu zile kubwa zilikuja ndani ya maboksi yaliyopangwa kwa kufuatana na utengenezaji wake, kwa sababu unyeti wake kwa nuru ulitofautiana kidogo boksi kwa boksi. Mafundi walizitumia bila kufuata mpangilio. Zilipounganishwa, mistari ikawa inapepesa, mara inafifia, mara inawaka zaidi. Kurudia isingewezekana. Wakafanya nini? Wakaweka sauti za mitambo kunguruma penye kupepesa, mtazamaji aamini kwamba dunia ile ya ndani ya kompyuta ina matatizo yake ya umeme. Sisi wa Manzese hilo tunalielewa upesi.

Miaka mitano kabla yake, 1977, panga za nuru za Star Wars nazo zilikuwa zimechorwa kwa mkono fremu kwa fremu, kitovu cheupe na rangi pembezoni tu. Kitovu cheupe ni muhimu. Kijana anayeanza kazi huchukua herufi nyekundu, akaizungushia wekundu, kisha akashangaa mbona haiwaki. Haiwaki kwa sababu kitu chenye nuru kali hulijaza jicho mpaka rangi yake inazama kwenye weupe, na rangi unaiona pembezoni tu, nuru inapopungua. Mrija wa neoni, ambao Georges Claude aliwaonyesha watu wa Paris mwaka 1910, ukiupiga picha usiku utaona hivyo hivyo: katikati mweupe, kando mwekundu.

Haya, tuingie kwenye kompyuta. Na hapo mlangoni amekaa mzee mmoja wa Kijerumani, Carl Friedrich Gauss, aliyezaliwa mwaka 1777 na kufariki 1855, asiyejua kompyuta wala umeme wa nyumbani. Gauss alikuwa mtu wa nyota. Aliyeipima nyota mara kumi hupata majibu kumi yanayopishana kidogo, na swali lilikuwa makosa hayo yanatawanyika vipi kuizunguka kweli. Katika kitabu chake cha mwaka 1809 kuhusu mwendo wa sayari, Gauss aliunganisha swali hilo na mchirizi wenye umbo la kengele: juu katikati, ukishuka taratibu pande zote, usiokatika ghafla. Wenye haki watasema Abraham de Moivre aliugusa mchirizi huo tangu 1733, na ni kweli, lakini jina limemkaa Gauss, na Wajerumani waliuchapa pamoja na sura yake kwenye noti yao ya mark 10 waliyoitumia hadi ilipokuja euro.

Sasa ile filta tunayoitumia kila siku kutia ukungu, iliyoandikwa kwenye menyu Gaussian Blur, ndiyo kengele hiyo hiyo. Kila pikseli huacha uchoyo. Huchukua rangi yake na za jirani zake, wa karibu kwa sehemu kubwa, wa mbali kwa sehemu ndogo, kwa kipimo cha kengele, kisha hutoa wastani. Ukifanya hivyo kwa herufi nyeupe iliyo juu ya weusi, weupe unavuja kwenda nje kwa upole bila kuacha ukingo. Umepata duara. Hesabu iliyozaliwa kwa ajili ya kuondoa ukungu kwenye nyota ndiyo sasa inayotia nyota ukungu!

Lakini ukungu peke yake hautoshi. Lazima uweze kuulaza juu ya picha nyingine bila kuiharibu. Ed Catmull na Alvy Ray Smith, wakiwa katika taasisi ya teknolojia ya New York mwishoni mwa miaka ya 1970, waliipa kila pikseli namba ya nne, wakaiita alfa, inayosema pikseli hiyo inaficha kiasi gani kilicho chini yake. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakaandika kanuni kamili za kupandanisha picha kwa alfa. Tangu hapo kitu cha kompyuta kiliweza kuwa nusu kipo na nusu hakipo, kama moshi wa ubani.

Ndipo tunafika kwa ndugu wawili. Baba yao, Glenn Knoll, alikuwa profesa huko Ann Arbor, Michigan, na chini ya nyumba yake alikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha. Mwanawe Thomas alijifunza humo kusawazisha mwanga na rangi kwa mikono. Mwaka 1987 Thomas, akiwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, aliandika kwenye Macintosh yake programu ndogo ya kuonyesha picha zenye vivuli vya kijivu kwenye kioo kilichojua nyeusi na nyeupe tu. Mdogo wake John alikuwa akifanya kazi Industrial Light & Magic, kampuni ya George Lucas ya kutengeneza maajabu ya sinema. John akaona ile programu, akasema ongeza hiki, ongeza kile. Wakaizungusha kutafuta mnunuzi. Nakala kama 200 zikauzwa pamoja na skana za kampuni ya Barneyscan. Kisha Adobe wakaichukua, na Februari 1990 ikatoka Photoshop ya kwanza, ya Macintosh pekee.

Ukizijua asili za ndugu hawa, menyu za Photoshop zinaacha kuwa mafumbo. Chombo cha kuunguza na chombo cha kukwepesha nuru vimetoka chumba cha giza cha mzee Knoll. Hata filta ya kuikaza picha ina jina la mbinu ya zamani ya chumba cha giza. Na upande wa maajabu ya nuru ni wa John, ambaye baadaye alitunga programu yake ya miali ya lenzi, Knoll Light Factory.

Jambo ambalo vijana wa leo hawaliamini ni kwamba Photoshop ilikaa miaka minne bila leya. Kufanya herufi iwake ilikuwa shughuli pevu. Uliihifadhi herufi kwenye chaneli ya alfa, ukanakili chaneli, ukatia nakala ukungu, ukaondoa herufi ya asili kutoka kwenye nakala kwa hesabu ya kutoa, ukabaki na pete ya ukungu, ukaigeuza kuwa eneo lililochaguliwa, ukalijaza rangi. Ukikosea hatua ya sita, unarudi ya kwanza. Mjerumani mmoja aliyekuwa akiishi California, Kai Krause, alijipatia sifa kwa kufundisha hesabu hizo za chaneli, kisha mwaka 1992 zikaja filta zake, Kai's Power Tools, zenye sura kama vito vya majini. Kampuni ya Alien Skin nayo ikawauzia watu Eye Candy, ndani yake mna filta ya mng'ao iliyo tayari. Watu walilipa dola kwa ajili ya pete ya ukungu!

Leya zilikuja na Photoshop 3.0 mwaka 1994. Kisha mwaka 1998, katika toleo la 5.0, Adobe wakaweka mng'ao wa nje na mng'ao wa ndani kama kitu cha kubonyeza. Mwaka huo huo ilitoka GIMP 1.0, ya bure kabisa, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, nayo ilikuwa na maagizo yaliyotengeneza nembo inayowaka kama imetoka sayari nyingine. Sanaa ya kina Krause ikawa alama ya vema kwenye kiboksi. Yule kaka aliyenifundisha kazi, kwenye Photoshop 7.0 ya CD isiyokuwa na kava, alinionyesha hicho kiboksi siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kunionyesha namna ya kukata picha.

Hapa ndipo historia inapoacha kuwa ya mbali.

Mwaka 2016 alikuja mama mmoja na albamu ya harusi ya binti yake. Si sisi tulioitengeneza, ilikuwa kazi ya studio moja ya mjini ambayo sitaitaja. Tulimsalimia, "Shikamoo mama," akaitika, akafungua albamu juu ya kaunta bila kuketi.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

Nikatazama. Bibi harusi amesimama kwenye bustani, shela limeshuka mpaka nyasini, kila kitu kimeogelea kwenye nuru. Na uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu la mkaa. Siyo mweupe, siyo mweusi.

"Nimemzaa Nachingwea," akasema mama. "Mweusi kama mimi, kama bibi yake. Miaka ishirini na sita amekuwa mweusi. Siku moja tu ya maisha yake amekuwa hivi, na ndiyo siku waliyoiweka kwenye albamu. Mnaweza kumrudisha?"

Kaka akachukua flashi ya mama, akaifungua. Ndani mlikuwa na JPEG tu, leya zote zimeshaunganishwa. Pale namba zilipokwisha kufika 255 pamebaki bapa jeupe, hakuna cha kurudisha, ni sawa na kuomba maji yatoke kwenye chai. Mama akapiga simu kwenye ile studio kuomba picha za asili. Wakamwambia kadi ya kamera ilishafutwa, ilitumika kwenye harusi iliyofuata.

Naomba nifanye hesabu hapa, ndugu msomaji, maana matusi kwa mpiga picha hayatatusaidia. Njia iliyozoeleka ya kumng'arisha bibi harusi ni ile ya Orton iliyopindishwa kidogo: unanakili leya, unaitia ukungu, kisha unaipandanisha kwa mtindo uitwao Screen. Jina limetokana na projekta: ukielekeza projekta mbili kwenye pazia moja, nuru zao hujumlishana, na mahali hapo hakiwezi kutokea kitu cheusi kuliko ilivyokuwa. Kwa namba, unachukua upungufu wa kila leya kutoka 255, unazidisha pungufu hizo mbili, unagawa kwa 255, kisha jibu unalitoa kwenye 255. Sasa mchukue mtu ambaye shavu lake ni 200, na umwangushie ukungu wa 100. Atafika 222. Kapata wekundu wa afya, basi. Mchukue binti wa Nachingwea, shavu 60, ukungu ule ule wa 100. Anafika 136. Namba yake imezidi mara mbili! Gauni lililokuwa 230 linafika 240, halijijui hata kama limeguswa. Na huo ukungu umetoka wapi? Umetoka kwenye gauni na shela jeupe lililouzunguka uso. Yaani nguo imemmwagikia mwenyewe.

Sisemi kwamba Thomas na John Knoll walikaa chini wakamchukia mtu. Hesabu haina chuki wala mapenzi. Lakini nauliza: ni uso wa nani uliokuwa kwenye kioo wakati vipimo vya kawaida vilipokuwa vikichaguliwa na kuonekana vizuri? Swali hili ni la zamani kuliko kompyuta. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi ya picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Shirley akitoka vizuri, mashine imetengemaa. Mweusi aliyekaa kando ya Mzungu katika picha hiyo hiyo akabaki macho na meno. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha filamu yalitoka pia kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia zote zilionekana rangi moja. Chokoleti, jamani. Na mwongozaji wa sinema Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu ya Kodak, akasema ina ubaguzi. Kadi zenye sura za rangi mbalimbali Kodak walizitoa miaka ya 1990, filamu yenyewe ikiwa inakaribia kustaafu.

Kwa hiyo yule wa studio ya mjini alirithi mambo mawili bila kuambiwa: mapishi yaliyojaribiwa kwenye mashavu ya 200, na soko letu wenyewe ambalo limekwisha aminishwa kwamba kung'aa ni kuwa mweupe. Hili la pili ni letu, tusimsukumie Mmarekani. Ninao wateja wanaosema wazi, "Mfanye maji ya kunde." Huwa namuuliza kwanza bibi harusi mwenyewe kama ndivyo atakavyo. Mara nyingine hajaulizwa na mtu yeyote.

Kwa mama wa Nachingwea tulitafuta kwingine. Binamu wa bibi harusi alikuwa amempiga kwa simu nje ya kanisa, amesimama kivulini, anacheka, jasho limemtoka puani. Picha haikuwa kubwa, ilikuwa na chembechembe. Kaka akaifanyia kazi siku nzima. Usoni hakutia ukungu wowote. Aliuchora mpaka wa gauni kwa barakoa ya leya, akatia mng'ao kwenye gauni peke yake ukikomea shingoni. Kisha akafanya kile nilichokuja kukitambua baadaye nilipouona mchoro wa de La Tour: akayashusha mwanga majani ya nyuma, akaushusha ukuta wa kanisa, mpaka uso ule mweusi, bila kuongezwa hata namba moja, ukawa ndicho kitu chenye nuru kuliko vyote vilivyobaki nyuma yake. Mama aliutazama kwenye kioo muda mrefu. Akasema, "Ehe. Huyu namjua." Akalipia saizi ya ukutani, akatuachia ile albamu tumtupie.

Hatukuitupa. Ipo kabatini, na vijana wanaokuja kujifunza kwetu huonyeshwa kurasa zake mbili tatu kabla ya kuonyeshwa kiboksi cha mng'ao.

Mengine yaliyofuata duniani nayataja kwa ufupi. Kwenye magemu, Mjapani Masaki Kawase mwaka 2003 aliwaeleza watengenezaji wenzake namna ya kupata duara la nuru kwa ukungu mwepesi unaorudiwarudiwa, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo kila gemu likawaka kama duka la simu. Adobe waliruhusu msimbo wa Photoshop 1.0.1 uwekwe wazi na makumbusho ya historia ya kompyuta huko California mwaka 2013, mistari kama 128,000, mwenye subira akasome. Na simu zetu sasa zina filta za urembo zinazofanya kwa mguso mmoja yale Krause aliyoyafanya kwa hatua kumi, na kwa mashavu ya 60 zinatenda vile vile, usipoangalia.

Lakini lipo moja lenye kubadili mchezo. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walionyesha namna ya kuchukua picha kadhaa za mahali pamoja, zilizopigwa kwa nuru tofauti, na kukokotoa kutoka humo nguvu halisi ya mwanga wa kila sehemu, bila ukuta wa 255. Wakati ule hapakuwa na vioo vya kawaida vya kuonyesha matokeo hayo. Leo vipo, hata kwenye simu za bei ghali: vioo vinavyoweza kuuacha weupe wa karatasi pale ulipo, halafu vikaipa cheche moja ndogo mwanga mara kadhaa zaidi yake. Ukitazama picha ya karabai kwenye kioo cha namna hiyo, gizani, huhitaji tena kuchorewa duara. Jicho lako huanza kulitengeneza lenyewe.